Herufi Kubwa za Baba

Kaka mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba goti halikusumbui tena. Huku tunaendelea vizuri. Mama yu imara, bado anabishana na redio kana kwamba inamsikia.

Wiki iliyopita ofisini walinibadilishia kompyuta. Nilikuwa natafsiri maelekezo ya mashine ya kufulia, nikakwama kwenye neno moja, nikakumbuka kwamba marehemu baba, katika kazi yake hiyohiyo ya kutafsiri, alishawahi kuhangaika nalo. Mafaili yake ya kazi ninayo yote. Nikafungua moja kwa ile programu yetu ya zamani ya kuandikia, nayo ikaniuliza kwanza kama naiamini mipangilio iliyoandikwa humo. Nikacheka peke yangu, mwenzangu wa meza ya pili akanitazama.

Unakumbuka tulivyogombania kompyuta ile moja, pale chumba cha kupigia pasi? Wewe ulitaka kioo cheusi, mimi mistari mifupi, baba herufi kubwa. Kila aliyeketi alivuruga mambo ya mwenzake. Hadi uliporudi likizo kutoka chuoni ukatuonyesha kwamba programu ile inafundishika, na kwamba mtu anaweza kuandika matakwa yake chini kabisa ya faili, maneno ya kawaida tu, nayo itayasoma na kuyatii kwa faili hilo peke yake. Baba hakuamini. Akauliza, "Yaani karatasi yenyewe inasema inavyotaka kusomwa?" Ulipomwonyesha, akasema heri ungekuja na habari hizo kabla hatujanuniana mwaka mzima.

Amani ikarudi, ingawa wewe ulichomeka amri yako kwenye insha yangu, ikawa kila nikiifungua naambiwa vyombo havijaoshwa. Nilikuchukia siku mbili nzima. Leo natamani mtu aniandikie hivyo.

Na tulivyomcheka mzee kwa herufi zake! Ulisema hata jirani wa ng'ambo ya barabara anaweza kusoma kazi yake akiwa kitandani. Alicheka na sisi, halafu akaenda kuziongeza ukubwa kidogo.

Basi nikakubali mipangilio yake. Herufi zikajaa kioo kizima, maneno matano kwa mstari. Nikasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu; neno nililokuwa nalitafuta likanitoka kabisa kichwani. Nilidhani ni kumkumbuka tu, maana ni kama nilimsikia akijikohoza nyuma yangu. Baadaye ndipo nikagundua kwamba shingo haijanyooka mbele na uso sijaukunja, kama ilivyo kawaida yangu siku hizi nikisoma. Nilikuwa nasoma kwa raha, raha ambayo sikujua imeniacha lini.

Nilifunga faili nikaenda kwa daktari wa macho. Alinipima, akaniuliza nani kwetu aliwahi kuugua macho. Nikamweleza kuhusu baba, alivyoishia kupapasa kuta. Kaka, ninao ugonjwa uleule. Jicho la kushoto limeshaliwa sana, na kilichopotea hakirudi. Matone ninayotia sasa ni ya kulinda kilichobaki. Sijamwambia mtu, wewe ndiye wa kwanza.

Daktari aliuliza pia kama nina ndugu. Alisema ugonjwa huu hauumi, unakuja kimyakimya, na anayewahi anaweza kuishi na macho yake hadi uzeeni. Baba hakutuambia kwa nini herufi zake zinakua, nasi hatukumuuliza. Mimi nakwambia. Nenda ukapimwe wiki hii, usinijibu kwa utani, usisingizie kazi. Ukitoka tu kwa daktari nipigie, hata kama habari si njema.

Mama nitamwambia mwenyewe Jumapili, nakuomba usinitangulie. Wape watoto busu zangu, na wifi mwambie namkumbuka sana. Mungu akulindie macho yako.

Ni mimi mdogo wako,
Msumbufu