Amplifaya Ambayo Wekesa Angeijenga

Kitale, Jumatano. Mvua tangu saa tano asubuhi, na baridi ya kuficha mikono kwapani.

Sikio la kulia la mdogo wangu Wekesa halitarudi. Daktari wa masikio ndiye aliyesema hivyo leo asubuhi, katika kliniki moja hapa mjini, na alisema mara mbili kwa sababu mara ya kwanza Wekesa hakusikia. La kushoto limeanza kufuata njia ileile. Asipoacha kukaa kando ya spika, daktari alisema, nalo litakwenda.

Nimeandika habari kwa muda mrefu: moto, ajali, ndugu waliogawana shamba kwa panga. Hii niliishika kama hizo nyingine. Nani amesema nini, na anajuaje. Nilimwuliza daktari kila nililopaswa kuuliza. Kisha nikaenda chooni, nikafungua bomba, nikaacha maji yapite juu ya mikono mpaka ikafa ganzi.

Wekesa hupiga gitaa matangani. Anaishi Bungoma, lakini huitwa hadi Kachibora. Kwetu mazishi hupimwa kwa sauti. Mtu akirudi kutoka matangani haulizwi chakula kilikuwaje. Anaulizwa kama gitaa lilisikika ng'ambo ya mto. Kwa hiyo amplifaya yake, ambayo si kubwa kuliko kreti ya soda, haiwekwi chini. Huwekwa juu ya kiti, karibu na sikio lake la kulia, ili mkono ufikie kitufe cha sauti upesi. Maana hakosekani mtu wa familia aliyesimama nyuma ya hema ameinua kiganja: ongeza. Na Wekesa huongeza. Kukataa ni kama kusema marehemu hakuwa na watu.

Tulipotoka kwa daktari alitaka tupite kwa Bwana Kirpal, ambaye familia yake imeuza redio, spika na nyuzi za gitaa mjini hapa tangu enzi za babu yake. Wekesa haendi pale kununua sana. Huenda kueleza amplifaya ambayo bado haijatengenezwa na mtu yeyote. Miaka mingi sasa amekuwa akiijenga kwa mdomo, kipande kwa kipande, juu ya kaunta ile.

"Karibu, injinia," Bwana Kirpal alimwambia. "Leo imeongezwa nini? Mabawa?"

Wekesa alizunguka kaunta ili amwelekezee sikio la kushoto. Akaanza. Anataka iwe na jicho dogo, kama la kamera ya simu, lione kichwa cha mpigaji kiko karibu kiasi gani, na sauti isipite kiwango hata mjomba wa marehemu akiinua mikono yote miwili.

"Ati ikatae?"

"Ikatae kabisa. Mashine ikikataa, hakuna mtu anakasirikia mimi."

"Mwanasiasa wa hapa hajui saa ya kunyamaza, bana. Wewe unataka spika ijue?"

Walicheka. Nami nilicheka.

Anataka pia izitambue kelele za jenereta na kuziondoa, kwa sababu nusu ya sauti anayoongeza ni ya kushindana na jenereta. Stima ikipotea isife ghafla. Ibaki na nguvu ya kumaliza ubeti. Na sauti iende moja kwa moja hadi kule nyuma, kwa akina mama wanaopika, bila kuwapiga walio mbele, kama maji ya mpira wa bustani na si ya ndoo. Nimesoma kwamba baadhi ya mambo haya yameanza kuonekana, moja hapa, jingine pale. Kwenye mashine moja, na kwa mtu wa kipato cha Wekesa, sijayaona.

Halafu akaeleza jambo jipya, ambalo sikuwahi kulisikia. Ubao wa kuwekwa chini ya miguu. Utetemeke kwa namna yake kwa kila noti, ili mpigaji ajue yuko wapi bila kusikia.

Bwana Kirpal aliacha kucheka. Alinitazama. Nikageukia nyuzi zilizoning'inia ukutani; haikuwa habari yangu kuitoa.

"Hiyo," alisema baadaye, polepole na kwa sauti ya juu kidogo, "hiyo wangeanza nayo."

Tulikuwa bado mlangoni pa duka, tunangoja mvua ipungue, simu yangu ilipolia. Baba mdogo, kutoka Malakisi. Senge wetu, dada ya baba, alifariki Jumapili. Ndiye aliyetulea kule Mabanga baada ya mama kufa. Wekesa alipoanza kujifunza gitaa na majirani wakaja kulalamika, Senge aliwapa chai na kuwaambia wazoee.

"Nasimiyu, huyo kijana ako na wewe? Mwambie hema iko, jenereta iko. Tunangoja yeye tu."

Nilimweleza alichosema daktari.

"Pole, mama. Pole sana. Lakini si apige hii moja tu? Senge azikwe kimya, kama mtu hakulea?"

Hakuwa mkatili. Angekuwa mkatili ningejua la kumjibu.

Wekesa alisimama kando yangu na hakuwa amesikia hata neno. Aliniuliza baba mdogo anasemaje. Ningeweza kumwambia wamepata mpiga gitaa mwingine; wala asingejua kabla ya kufika. Neno hilo lilikuwa limeshafika mdomoni.

Nikamwambia maneno ya baba mdogo, yote, kama yalivyosemwa.

"Nitapiga," alisema.

Tumebishana mpaka nyumbani. Nilitaka amplifaya iwekwe langoni, mbali naye kabisa. Akasema huko hataisikia, na asipoisikia hajui anapiga nini. Nikasema basi asipige. Akasema, "Dada, wewe uliandika tanzia yake. Mimi nimfanyie nini?"

Tumekubaliana hivi. Amplifaya itakuwa upande wa pili wa hema, imewaelekea watu. Nitakaa kando ya amplifaya, na kitufe kitakuwa chini ya mkono wangu. Baba mdogo akiinua kiganja, nitamtazama tu. Wakasirike na mimi. Nimezoea kukasirikiwa na watu kwenye mazishi.

Wekesa hakufurahi. Alisema sawa kwa namna ya mtu aliyenyang'anywa.

Sasa ni jioni. Nilikuwa jikoni, naye sebuleni, anafanya mazoezi ya wimbo alioupenda Senge. Hajaunganisha gitaa na chochote. Ameinama, amebandika taya juu ya mbao ya gitaa, maana hivyo anasema sauti humfikia kupitia mfupa. Uzi wa pili umelegea. Mimi si mwanamuziki, lakini nimemsikiliza maisha yangu yote na ninajua wimbo ule ukiwa sawa. Alirudia ubeti, ukawa vilevile. Akatabasamu.

Hajui.

Nilizima jiko nikaenda kumwambia.

"Wa pili? Juu au chini?"

Juu, nikasema. Akazungusha, akapiga, akanitazama usoni badala ya kulitazama gitaa. Bado, nikasema. Bado. Hapo. Alipiga tena, taya kwenye mbao, na akaendelea kunitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ni wa pili tu?"

Wa pili tu, nilimwambia, na ilikuwa kweli.

Mazishi ni Jumamosi saa nne, Malakisi. Jumanne tunarudi kwa daktari kupima sikio la kushoto.