Sauti ya Baba Kituyi Imepotea Kwenye Woofer

Mshauri mpendwa, nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia, maana hapa Kapsoya nikifungua mdomo juu ya jambo hili watu wanadhani nimerukwa na akili. Mume wangu Mabonga, ambaye wote tulimwita Baba Kituyi, alitutoka mwezi wa nne, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiimba besi kwenye kwaya ya kanisa letu, na hiyo kwaya ilirekodi nyimbo ambazo ninazo kwenye flash, na katika wimbo wa sita wengine wote wananyamaza anabaki yeye peke yake, anashuka chini kabisa, mstari mmoja tu, na hiyo ndiyo sauti yake pekee niliyobaki nayo kwa sababu hatukuwa watu wa kujirekodi kwa simu.

Alikuwa na woofer yake, ile spika kubwa ya besi, ilikaa sakafuni karibu na kiti chake, na kila Jumapili baada ya chakula ananiambia, "Mama, ongeza kidogo, apana, rudisha," mimi ndiye ninazungusha mpaka besi ikae vile anataka. Sasa siku ya kumleta nyumbani kutoka mochari, kabla ya safari ya kwenda kumzika Kimilili, vijana wa kanisa walisukuma viti vyote ukutani ili jeneza lipate nafasi sebuleni, woofer na spika zake wakazichomoa wakazipandisha juu ya kabati zisipigwe teke, wakarudisha waya huko huko juu, nami nikafunika woofer kwa kitambaa nilichofuma mwenyewe isiingie vumbi, na tangu hapo sijapata nguvu ya kupanga nyumba. Mwezi wa saba ndipo nilipata moyo wa kuweka ule wimbo, na mshauri, sauti yake haikuwepo. Akina mama wa soprano wapo, tena wanapiga kelele, lakini ikifika mahali pake nasikia kama mtu anaongea nyumba ya jirani. Nikaongeza besi mpaka mwisho, vioo vya kabati vikatetemeka, yeye hayumo.

Siku moja kabla ya hapo Seline, mke wa mwanangu Kituyi, alikuwa amekuja kutoka Cheptiret kunisaidia usafi, kwa hivyo nikajua ni yeye. Nilimpigia simu akasema, "Mum, mimi nilipanguza vumbi tu, sikugusa hizo button," na mimi kwa uchungu nikamwambia amemzika baba mkwe wake mara ya pili. Hajakanyaga kwangu tena, na mjukuu simwoni. Kituyi aliniambia, "Mum, ukimaliza kutafuta sauti ya baba, ututafute na sisi," akakata simu. Fundi Wanjohi wa pale mjini aliiwasha woofer kibandani kwake ikanguruma, akasema, "Mathe, hii kitu ni mzima." Nikiirudisha nyumbani pale juu ya kabati, hakuna. Juzi nikifua nguo nilijaribu kukumbuka vile alikuwa anaita jina langu, ikaja sauti ya mtu mwingine kabisa. Nimeanza kumsahau, mshauri. Nifanye nini?

Mama Kituyi, Kapsoya.

*

Mama Kituyi, pole sana. Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya kwanza nikalia, mara ya pili nikakukasirikia, kwa hivyo utavumilia.

Fundi alikwambia ukweli na Seline alikwambia ukweli. Wewe mwenyewe umeandika kilichotokea halafu ukakipita. Chombo kilichokuwa sakafuni kando ya kiti kimepandishwa juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa, viti vimehama, waya zimechomolewa na kurudishwa na vijana wenye haraka, halafu unamtafuta mchawi kwenye simu ya mkaza mwana wako? Besi hushika kwa sakafu na kwa ukuta, na ndani ya chumba kimoja kuna mahali inajaa na mahali inakufa. Kule kwa Wanjohi ilisikika kwa sababu kule haikuwa juu ya kabati lako.

Kwanza, mtu akunakilie hiyo flash mara mbili, nakala moja ikae nje ya nyumba. Kitambaa toa, hata kama kimekuchukua mwezi kukifuma. Woofer irudi chini, kiti cha Baba Kituyi kirudi pale kilipokuwa, na ukikalie wewe, maana najua hujakikalia. Angalia nyuma ya spika: waya nyekundu iingie penye nyekundu, nyeusi penye nyeusi. Moja ikigeuzwa, sauti nzito hukonda na ukiongeza unapata mtetemo tu. Kitufe cha besi kirudishe katikati. Weka wimbo wa sita, na woofer isogezwe polepole kando ya ukuta, hatua moja moja, mpaka usikie maneno yake. Usitafute pale inaponguruma zaidi, tafuta pale unapomwelewa.

Hiyo kazi haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anakaa, mwingine anasogeza, na huyo mwingine ni Seline. Yeye na Kituyi pia wamefiwa, na kwenye barua nzima hukuandika neno hilo hata mara moja. Ulimtupia binti wa watu maneno ya kaburini kwa sababu ya kupanguza vumbi nyumbani kwako, bila malipo, ukiwa huna nguvu ya kuinua ufagio. Uchungu wako naujua, mimi pia ni mjane, lakini hiyo haikuwa haki.

Tena nikwambie jambo ambalo fundi hatakwambia. Besi itarudi. Baba Kituyi hatarudi, na siku utakapomsikia vizuri akishuka kwenye ule mstari, utalia kuliko ulivyolia Kimilili, kisha wimbo utaisha na sebule itanyamaza. Siku hiyo sitaki uwe peke yako. Mpigie Seline leo, kabla hujagusa hata waya moja, umwambie ulimkosea, na usimtaje woofer mpaka akujibu.

Mshauri wako, Warigia.