Ni Masaa Tisa, Baba, Si Sita

London,
Novemba 1996

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta mmeamka vyema hapo Makongeni, na kwamba miguu haimsumbui Mama tena. Mimi ni mzima, ila baridi imeanza. Nekesa dada yangu, najua ni wewe utakayemsomea Baba. Soma pole pole, wala usiruke mahali.

Baba, barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema daktari amekuambia macho yatazidi kufifia, nawe ungependa kuniona ukiwa bado unaona. Halafu umeongeza: "London ni masaa sita tu. Treni ya Kisumu huchukua mara mbili ya hayo. Mbona huji?"

Nilifungua daftari langu la mwaka ule nilioondoka. Nimeandika: kutoka Nairobi saa tatu asubuhi, kufika London saa tisa mchana. Masaa sita. Ndivyo nilivyowaandikia, nawe ukawatangazia majirani. Nekesa alinisimulia jinsi Mama Mueni, yule jirani muuza maembe, alivyokucheka: "Mzee, basi mwambie aje ale chakula cha mchana arudi!" Ukamjibu, "Wewe mama, za maembe nitakuuliza wewe. Za safari niachie mimi."

Kosa ni langu, ingawa nilifuata sheria yako. Kila Jumapili ukipiga viatu rangi pale mlangoni, treni ikipiga honi huko relini, ulituambia gadi wa treni kama wewe, msimamizi wa safari, haandiki saa ya mkononi, huandika saa ya ukutani ya stesheni. Nami nikaandika ya ukutani, Nairobi na London. Lakini reli yako ilifuata saa ile ile kutoka Mombasa hadi Kisumu. Saa ya huku iko nyuma ya yenu kwa masaa matatu. Safari ni masaa tisa, karibu kilomita elfu saba. Mama Mueni acheke tu.

Hata hivyo, tisa au sita, hilo silo lililonizuia. Niliogopa kuomba ruhusa kazini, nikadhani wataajiri mwingine. Karibu miaka minne nimejificha nyuma ya umbali. Juzi niliingia kwa mkubwa wangu nikamweleza habari za macho yako. Akauliza, "Kwenu ni mbali kiasi gani?" Nikasema, masaa tisa. Akanipa wiki tatu.

Tikiti ninayo. Nafika Jumamosi ya pili ya Desemba, saa moja jioni ya huko.

Nisalimie Mama, na Mjomba Simiyu fundi wa redio, na huyo Mama Mueni, aniwekee maembe yaliyoiva.

Baba, pale uwanja wa ndege usijisumbue kunitafuta kati ya watu. Nimenenepa, na nywele zimerudi nyuma kidogo. Simama tu na Nekesa. Mimi nitakuona. Nitakuja mpaka karibu kabisa, kisha uniangalie upendavyo.

Mwanao,
Wafula