Ilikuwa Titi, Mama, Siyo Presha

Mama,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, ila usije ukasema mwanao aliyeishia darasa la saba kakosa adabu.

Bongo imegeuka. Enzi zako tulipanga foleni ya sabuni. Sasa kila kitu ruksa, Kariakoo imefurika. Na mimi ni mfanyabiashara, usicheke: nauza sidiria za mitumba. Mteja hajanisalimia nimeshaijua saizi yake. Mtaa mzima hakuna wa kunifikia. Wewe tu ndiye sikukujua, maana ulijifunga kanga kifuani mpaka mwisho. Ukisema, "Jipu tu hilo, litapasuka lenyewe." Jipu gani, mama? Na bibi naye lilikuwa jipu?

Hansa, yule mtoto wa Kihindi uliyemlea kwa tajiri wako, karudi toka masomoni, daktari mzima. Aliposikia kilichokuua, na kwamba bibi vilevile, alilia. Halafu akatutoa damu mimi na dada yangu Zuhura, akaipeleka kule ng'ambo alikosoma. Majibu yakaja: ukoo wetu una kasoro, mzazi anamrithisha mtoto, na mwenye nayo saratani humpata kwa urahisi kuliko wengine. Zuhura anayo. Mimi ninayo, eti hata mwanaume huirithi. Umetugawia sawasawa, kama ulivyogawa mkate wa kumimina, hakuna wa kununa.

Sasa sikia. Zuhura kaletewa posa. Washenga wakakaa mkekani, wakauliza ya ukoo kama ilivyo ada: kuna kifafa? Kuna wazimu? Mama yao alikufa kwa maradhi gani? Mjomba Salehe, bila hata kumeza mate: "Presha." Mimi nilikuwa nimetamba tangu asubuhi kwamba leo nitasema kweli, liwalo na liwe. Mdomo huu unaopiga kelele sokoni kutwa, ukaishia kuwakaribisha halwa.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. Zuhura. "Titi. Na bibi titi. Na mimi nimepimwa, ninayo."

Wazee wale ghafla wakakumbuka swala, na alasiri tulishaswali pamoja. Halwa hawakuigusa. Posa imekufa. Mjomba anasema binti hana haya. Haya! Si ndiyo iliyokuzika wewe?

Jana Zuhura kaja kwenye meza yangu, kaokota sidiria nyekundu. "Wakinikata moja, utaniuzia nusu bei?" Nikamwambia, "Wewe? Wewe nakupandishia." Tukacheka mpaka wateja wakatushangaa. Halafu akaishika ile sidiria, hakuiweka chini.

Jumatatu tunaenda kwa Hansa kukaguliwa. Zuhura anaogopa kuvua nguo mbele ya mtu. Hapo ni wewe mtupu. Nina hasira na wewe, mama, na bado nakuota.

Haya, pumzika. Msalimie bibi, mwambie lile jipu tumeshalijua jina. Na ahadi yangu ni hii: tukiingia kule ndani, nitatangulia mimi kuvua shati.

Mwanao, Hamisi