Lenzi Uliyonichagulia

Chumba cha Nyuma,
Duka la Saa,
S.L.P. 318.
9 Agosti

Mpendwa Dada,

Shikamoo. U hali gani huko uliko? Kile kifua kimepoa? Na shemeji bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi huku tu wazima. Mjomba, huyo baba yako, anakula vizuri, na asubuhi anaamka kabla ya saa zake zote.

Umenipigia simu mara nne sijapokea. Nilikuwa naiona inaita, naigeuza kifudifudi mezani. Sikuwa na kazi yoyote. Nilikuwa naona haya, na haya ninayoandika nisingeweza kuyasema kwa mdomo.

Unakumbuka tulivyobishana kuhusu lenzi ya kufunga mbele ya kamera, ya kupigia picha vitu vidogo. Mimi nilitaka ile pakiti ya vioo vinne, kwa sababu kimojawapo kiliandikwa kumi, nikadhani namba kubwa ndiyo ubora. Wewe ukasema kumi itanilazimu kusogea mpaka kamera iguse saa, na kwamba vioo vya rahisi huleta ukungu pembeni. Ukanishauri nichukue moja tu, ya vioo viwili vilivyogandishwa pamoja, namba tatu. Nikakuita mwalimu mkuu. Dada, ulisema kweli tupu. Inaonyesha kila kitu, kuanzia katikati hadi ukingoni. Ningechukua ile pakiti, huenda ukungu ungetusitiri.

Kosa langu ni kiherehere. Mjomba alikuwa amemaliza saa ya mwalimu mmoja mstaafu, saa aliyoachiwa na marehemu baba yake. Kabla haijafungwa mgongo nikaipiga picha, nikaiweka kwenye ukurasa wa duka na kuandika: kazi ya fundi wa miaka arobaini. Mimi niliona magurudumu yanang'aa tu, nikafurahi.

Wenzangu walitazama vizuri zaidi. Fundi wa duka la mkabala akauliza mbele ya watu wote mbona vichwa vya skrubu vimetafunwa, na ule mkwaruzo kwenye bamba umetoka wapi. Nikaikuza picha. Ee Mungu wangu. Bisibisi ilikuwa imeteleza si mara moja, ni mara saba au nane. Yule mwalimu alichukua saa yake, akashukuru kwa adabu, hajarudi. Wateja wengine wanne wakaja kuchukua zao kabla hazijaguswa. Picha nimeifuta kwenye ukurasa, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Macho ya baba yako yamekwisha, Dada. Nakaa naye benchi moja kutwa nzima na sikujua, au sikutaka kujua. Nikikumbuka sasa, siku nyingi amekuwa akitafuta skrubu kwa kupapasa.

Jumatatu akasikia mtaani kwamba kuna picha ya saa iliyoharibiwa dukani kwake. Akataka aione. Ilikuwa bado kwenye kompyuta, nikaifungua ikajaa kioo kizima. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa. Akatazama muda mrefu sana, kisha akauliza, "Nani amefanya hivi?"

Hakuitambua kazi yake mwenyewe.

Nikasema, "Mimi." Nikaongeza uongo kwamba niliifungua saa ile baada yake, nikakaza skrubu upya.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alichukua bisibisi zangu akazifungia kwenye droo. Tangu siku hiyo mimi nakaa kaunta tu, na kila saa inayoingia anaifungua yeye peke yake. Nilitaka kumsitiri, kumbe nimemkabidhi saa zote za watu. Nimejipalia makaa, na yeye nimempalia.

Jioni tukishafunga duka ananifundisha upya. Jana alinishika mkono anionyeshe jinsi ncha ya bisibisi inavyokaa kwenye mkato wa skrubu. Alikosa mara mbili. Mara ya tatu nikamsogeza kidogo, ikaingia. Akasema, "Unaona? Usione haya, mwanangu. Wote tulianza hivyo."

Sina ubavu wa kumwambia. Daktari wa macho yupo mtaa wa pili, lakini nikimtaja mimi, mzee atasema natafuta visingizio. Wewe ndiye anayekusikiliza. Njoo, Dada, au mpigie. Nitukane kwanza ukipenda, nimestahili, ila usichelewe.

Nisalimie shemeji na mapacha. Mama mdogo anakusalimu, na mguu wake umepona. Mungu akutunze, akufikishe kwetu salama.

Baba yako naye anakusalimu sana. Ameniagiza nikuandikie kwamba anakushukuru kwa kunichagulia ile lenzi, maana bila hiyo asingejua kwamba saa za wateja zinaharibiwa.

Mdogo wako, akupendaye na kukuogopa,

Kisekunde