Kelele Iliyorudi Kwenye Gurudumu la Kushoto

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Lorna Gesare
Umri: Miaka 46
Kazi: Fundi cherehani na mkulima wa chai
Makazi: Karibu na soko la Kebirigo, Kaunti ya Nyamira

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa hiari yangu, hakuna aliyeniita. Gari lililopata ajali ni langu, niliachiwa na marehemu mume wangu, na siku hiyo nililiendesha mimi. Nyabuto ninayemtaja humu ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Mwezi wa Februari mwaka huu gari lilianza kulia upande wa mbele kushoto. Nikikanyaga breki lilikwaruza, chuma kwa chuma. Hata bila breki kulikuwa na mvumo uliozidi kadiri mwendo ulivyozidi. Nililipeleka kwa fundi Akong'o. Yeye ni mtu wa Homa Bay, lakini amekuwa na kibanda sokoni Kebirigo tangu mume wangu akiwa hai. Aliniambia niendeshe naye akae kando, dirisha wazi. Tulipokata kona ya kulia mvumo ulipanda, tulipokata ya kushoto ukashuka. Alilipiga jeki, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Lilicheza. Alinieleza kwamba beringi imekwisha, na pedi za breki zimelika mpaka kwenye chuma na zimeanza kuchimba diski inayobanwa nazo.

Nilinunua beringi na pedi mpya. Akong'o alizifunga nikiwa nimekaa kwenye benchi lake. Zile kuukuu alinionyesha moja moja. Moja ilikuwa imevunjika pembe. Alizitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na beringi mbovu akanipa, maana hupenda mwenye gari aone kilichotolewa. Niliuweka mfuko stoo. Gari likanyamaza kabisa.

Mnamo Jumapili tarehe 2 Machi, Nyabuto aliniomba gari. Yeye ana lake la teksi, la aina moja na langu, akasema limelala kwa ubovu. Nilimpa ufunguo nikaenda kuchuma chai. Alilirudisha jioni likiwa limeoshwa, nikamshukuru.

Kesho yake ile kelele ya kukwaruza ilirudi. Nilimpigia Akong'o simu. Alikuwa matangani kwao, akanisihi nisiliguse gari mpaka arudi Jumatano. Nyabuto alikuwa mezani kwangu anakunywa chai, akasikia yote. Aliniambia pedi mpya hulia hivyo kabla hazijazoea, na kwamba mafundi wanapenda kutisha wanawake. Nilimwamini.

Jumanne asubuhi nilikuwa nampeleka mama yetu, Nyamoita, kliniki ya macho Kisii. Nyabuto ndiye aliyemshika mkono kutoka nyumbani. Alimkalisha kiti cha mbele, akamfunga mkanda, akafunga mlango.

Tulipofika kwenye mteremko nilikanyaga breki, ikakwaruza sana, halafu pedali ikazama mpaka chini. Nilivuta hendibreki, gari halikusimama. Mbele yetu akina mama walikuwa wanavuka barabara na mizigo ya ndizi. Niligeuza usukani kushoto, tukagonga ukingo wa udongo. Upande huo ndio aliokuwa amekaa mama. Nyonga yake ilivunjika. Daktari amesema asitegemee kutembea tena.

Nyabuto alisimama sokoni akawaambia watu kwamba Akong'o amemuua mama yetu. Mama alikuwa hai. Jumatano Akong'o aliposhuka kutoka matangani, begi bado mkononi, watu hao walimkuta kibandani. Walimvunja mkono wa kulia kwa spana zake mwenyewe, wakachoma kibanda. Polisi walimwokoa, kisha wakamweka ndani kwa kosa la uzembe.

Alhamisi nilikuja hapa kituoni lilikovutwa gari, kuchukua leso ya mama iliyobaki ndani. Mkaguzi wa magari alikuwa amefungua gurudumu na kupanga vitu chini. Niliiona ile pedi iliyovunjika pembe. Niliomba kuishika. Nilirudi nyumbani nikafungua mfuko ule wa stoo, ndani kulikuwa na beringi peke yake. Nilikwenda kwenye gari la Nyabuto, nikamulika kwa simu katikati ya rimu. Pedi zilikuwa nene, mpya.

Nilimwita nikamwonyesha. Hakukana. Alisema, "Nilijua hizo za zamani zitashika angalau wiki moja. Ningekurudishia zako."

Nilimuuliza ni kwa nini basi alipeleka watu kwa Akong'o.

"Ulitaka waje kwangu?"

Jioni hiyo nilimweleza mama wodini. Alisema kwa Ekegusii, lugha yetu, "Huyo fundi akitoka ndani atarudi kwao. Nyabuto wangu atarudi wapi?" Aliniomba niseme sikuona kitu. Nilimwambia nimeona. Akageuza uso ukutani.

Leo asubuhi nilimpelekea uji. Mke wa Nyabuto alinizuia mlangoni, akasema mama hataki kulishwa kwa mkono wangu. Niliisikia mwenyewe sauti ya mama kutoka kitandani, akimwambia afunge mlango. Nimekuja hapa moja kwa moja kutoka hospitalini.

Hapo ndipo ninapoishia. Nimesema niliyoyaona na kuyasikia mimi mwenyewe, na nitayarudia mahakamani Nyabuto akinitazama.

Sahihi ya shahidi: L. Gesare
Tarehe: 7 Machi 2025

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajenti Ogeto, kwa Kiswahili. Nimemsomea shahidi, akakubali kuwa ni sawa na akatia sahihi mbele yangu. Nimemjulisha kwamba fundi Akong'o ataachiliwa leo. Shahidi ameomba kumwona kabla hajaondoka. Nimefikisha ombi hilo mahabusu. Akong'o amekataa.