Mifereji Iliyotaka Kugongana

Mutarule, kiangazi kikiisha

Baba mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na Mama. Mgongo unasemaje siku hizi? Nataka kuamini umeacha kubeba mbao peke yako, ingawa nakujua. Mimi ni mzima, na habari za vurugu mnazosikia redioni hazijafika hapa. Leo naandika haraka kwa furaha, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Mbelgiji mpima ardhi, yule niliyekuja kumbebea vyombo, aliondoka baada ya Uhuru na kuacha mifereji ya maji nusu nusu. Wakulima wakasema watamaliza wenyewe. Mfereji wa pili ulitakiwa uende sambamba na wa kwanza, umbali wa mipini thelathini ya jembe. Lakini Baba, kila familia ilipima kwa mpini wake! Mwanzoni walichimba wenye mipini mirefu, katikati wakaja wenye mifupi.

Nikatoa daftari langu la miraba, kila mraba mipini mitano. Karatasini, mfereji wa kwanza ukienda miraba miwili kulia unapanda mmoja: mteremko wake ni nusu. Wa pili ulianza miraba sita juu yake, na kwa kuwa mistari sambamba ina mteremko ule ule, ulipaswa kuwa y = ½x + 6. Wapi! Katika miraba kumi na miwili ulikuwa umepanda minne tu, yaani theluthi. Nikapiga hesabu: kwenye mraba wa thelathini na sita ingegongana, na shamba la Mama Nabintu, mjane mwenye watoto watano anayelima mbele ya hapo, lisingeona tone msimu mzima.

Nikamwendea Kapita Zakaria, msimamizi wetu, nikamwonyesha mchoro.

"Minye nilichimba mifereji mbele weye uzaliwe," akaniambia. "Hii karatasi yako itashika jembe?"

"Kama nimekosea, Kapita, unifukuze leo leo."

Akachukua mpini mmoja, akapima mwenyewe. Kule mwanzo, thelathini. Pale katikati, ishirini. Akakaa chini kwenye udongo.

"Yesu wangu! Tulikuwa tunachimba bure."

Tukaufukia ule uliopinda, tukachimba upya siku tisa. Ukabaki mfereji mdogo wa kuunganisha miwili hiyo shambani kwa Mama Nabintu, wenye pembe mraba ili usile ardhi ya jirani. Kwenye mteremko wake nilibadilisha alama tu, nikaandika −½, na mchoro ukatoka kombo. Nilisahau kupindua sehemu! Ni −2, maana miteremko ya mistari yenye pembe mraba ikizidishwa hutoa −1, na nusu mara −2 ni −1. Nilijicheka peke yangu.

Leo asubuhi tumefungua maji. Mama Nabintu aliingia mferejini na nguo zake, akapiga vigelegele. "Mupimaji! Maji iko kwangu!" Nililia mbele ya watu, Baba, wala sikuona haya.

Sasa vijiji viwili vimekuja kuniomba niwachoree mistari, na nimekubali kabla ya kukuuliza. Nisamehe.

Msalimie Shangazi mfuma mikeka, na kaka yangu mvuvi, na bibi mzaa Mama, umsomee kwa sauti kubwa. Mwambie Mama asiniwekee sahani mvua zikianza. Nitakuwa mashambani, nikipima.

Mwanao akupendaye,
Silvano